Kupima na Kupimiwa: Habari za Neno Moja la Kale la Kiingereza

 Aliyekosa kusikia somo hili redioni na alisome hapa polepole. Akikwama, amwombe jirani amsaidie. Akifika mwisho, ayajibu maswali pamoja na wenzake.

Somo la leo ni la historia, lakini hatutaanza na vita wala na wafalme. Tutaanza na karatasi moja.

Karatasi iliyokunjwa mara nne

Jioni moja nilitembelea darasa karibu na mji wa Geita. Watu walipotawanyika, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma. Nilimwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, “Marahaba, mwalimu. Nina jambo.” Akafungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mama huyo ni mtunza fedha wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Miaka miwili kabla ya siku ile kikundi chao kilikuwa na lundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa katika karasha na kuoshwa mara moja kwenye mwalo, lakini bado una dhahabu ndani yake. Lundo lilikuwa la tani 30. Akaja mnunuzi, akachota mchanga kidogo, akaupeleka maabara. Baada ya siku chache alirudi na karatasi mbili zilizo sawa. Moja akaitia mfukoni mwake, ya pili akawapa wao. Kisha wakapatana bei kwa kutazama lundo kwa macho, kama watu wapatanavyo bei ya mzigo wa kuni. Lundo likapakiwa, likaenda.

Wakati ule mama hakujua kusoma, na wenzake waliojua kidogo hawakuitazama ile karatasi. Aliitunza kwa sababu alidhani ni stakabadhi. Baada ya kusoma nasi mwaka mzima, aliifungua tena. Tarakimu alizijua sasa, lakini maneno yalikuwa ya Kiingereza. Akanionyesha neno moja lililoandikwa juu kwa herufi kubwa, akauliza, “Mwalimu, neno hili ni nini?”

Neno lenyewe huandikwa assay, na hutamkwa “asei”. Chini yake palikuwa na namba 6, na maneno yenye maana ya gramu kwa tani.

Tulikaa tukapiga hesabu. Kila tani moja ya mchanga ule ilikuwa na gramu 6 za dhahabu. Tani 30 mara gramu 6 ni gramu 180. Ni kweli kwamba dhahabu yote iliyomo mchangani haipatikani, na anayeichenjua ana gharama zake. Hata hivyo, bei waliyouzia ilikuwa ya mchanga ulio maskini kuliko ule. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi hatuwezi kusema tuliibiwa. Karatasi tulikuwa nayo sisi wenyewe.”

Maneno hayo yamenifanya niwaletee leo habari za neno lile. Nataka mjue maana yake, mahali lilikotoka, na jinsi jambo linalotajwa na neno hilo lilivyowahi kuwagusa watu wa Shinyanga na Geita zaidi ya mara moja.

Maana yake

Kitenzi hiki katika Kiingereza kina maana mbili kubwa. Maana ya kwanza bado inatumika migodini na katika kazi ya usonara: kupima jiwe, mchanga au kipande cha madini ili kujua ndani yake mna dhahabu au fedha kiasi gani. Maana ya pili ni ya zamani, na leo Waingereza wenyewe huikuta zaidi katika vitabu vya kale: kujaribu, kuthubutu kufanya jambo ambalo hujui kama utaliweza. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, wakati wa Mfalme James, hulitumia neno hili kwa maana hiyo. Limo katika kisa cha kijana Daudi aliyevikwa silaha za Mfalme Sauli, akajaribu kutembea nazo, akaona hazimfai kwa kuwa hakuzizoea.

Palikuwa na maana nyingine tena. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya mtumishi mmoja alikuwa na kazi ya kuonja chakula na kinywaji kabla ya bwana wake, isije ikawa kimetiwa sumu. Kuonja huko nako kuliitwa kwa neno hilohilo. Jambo hilo si geni kwetu. Mwenye kuleta kibuyu cha pombe hunywa yeye kwanza mbele ya wageni, nao wakimwona amekunywa hutulia.

Basi kupima, kujaribu na kuonja ni mambo matatu yenye shina moja. Katika yote matatu mtu hakubali kitu kwa kukitazama tu.

Lilikotoka

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Katika Kilatini cha nyakati za mwisho za dola ya Rumi palikuwa na neno exagium, na maana yake ni kupima uzito kwa mizani. Neno hilo lilitumika pia kwa vijiwe vya mizani vilivyotengenezwa kwa kukagulia sarafu za dhahabu. Watu wajanja walikuwa wakikwangua kingo za sarafu ili wabaki na unga wake. Mfanyabiashara mwangalifu hakuhesabu sarafu peke yake. Aliweka sarafu upande mmoja wa mizani, na kijiwe cha halali upande wa pili.

Kadiri miaka ilivyopita, kupima uzito kulizaa maana ya kupima ubora, na kupima ubora kukazaa maana ya kujaribu jambo lolote. Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria kwamba chombo cha fedha kisiuzwe mpaka kipimwe na wakubwa wa chama cha masonara, kisha kigongwe alama ya kichwa cha chui. Alama ile ilimwambia mnunuzi asiyejua kupima kwamba yuko mtu aliyekwisha kupima kwa niaba yake.

Sasa sikilizeni jambo linalowahusu ninyi mnaojifunza kuandika. Mwaka 1580 Mfaransa aliyeitwa Montaigne alitoa kitabu cha maandishi mafupi, kila moja juu ya jambo moja: juu ya hofu, juu ya urafiki, juu ya malezi ya watoto. Alikipa jina lenye maana ya “majaribio”, kwa sababu alikuwa akiyapima mawazo yake mwenyewe. Jina hilo latoka katika shina lilelile la mizani. Mwaka 1597 Mwingereza Francis Bacon akatoa kitabu chake kwa mfano huo. Tangu hapo andiko la namna hiyo huitwa kwa Kiingereza essay, nasi kwa Kiswahili twaliita insha. Kwa hiyo neno lililo juu ya karatasi ya yule mama, na jina ambalo Waingereza huliita andiko mnaloambiwa mwandike darasani, ni ndugu wa tumbo moja.

Maneno yetu nayo yalipita motoni

Msidhani kwamba ni Kiingereza peke yake chenye hazina ya namna hii. Kiswahili nacho kina maneno yaliyotoka kwenye meza ya sonara, nasi twayasema kila siku bila kujua.

Neno pima ni la kwetu Wabantu tangu kale, na lugha nyingi jamaa za Kiswahili zinalo. Neno jaribu tulilipata katika Kiarabu, na vilevile mizani na dhahabu. Wakia, kipimo cha zamani cha dukani, lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili yake ni Kilatini, na kipimo cha Waingereza kiitwacho aunsi kimetoka katika neno hilohilo. Karati limetoka katika jina la punje za mti mmoja wa nchi za Bahari ya Kati, ambazo masonara wa kale walizitumia kama vijiwe vya mizani. Hata leo almasi ya Mwadui hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Katika dhahabu, karati haina maana ya uzito bali ya usafi. Dhahabu safi ni karati 24. Ikiwa ni karati 18, basi sehemu 18 ni dhahabu, na sehemu 6 ni madini mengine.

Yako maneno mengine mawili ya kustaajabisha zaidi. La kwanza ni mtihani. Neno hili ni la Kiarabu, na katika Kiarabu cha kale mzizi wake ulitumika pia kwa kazi ya kuyeyusha fedha motoni mpaka takataka zijitenge. La pili ni fitina. Mzizi wake katika Kiarabu cha kale ulitumika kwa kutia dhahabu katika moto, ili iliyo njema ijulikane na iliyo mbaya ijulikane. Kutoka hapo likaja kuwa na maana ya mateso yanayomjaribu mtu, kisha ugomvi unaowatenga watu waliokuwa kitu kimoja. Tutalikumbuka neno hili tena mwisho wa somo.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Yafaa mjue kazi hii inavyofanywa, maana mtu huogopa lile asilolielewa.

Mchimbaji wa Geita ana kipimo chake cha kwanza. Huchukua jiwe, hulitwanga, huosha unga wake katika karai, akatazama kama utabaki ufito mdogo wa manjano ukingoni. Kipimo hicho chaonyesha kama dhahabu imo. Hakionyeshi vizuri imo kiasi gani, na dhahabu iliyo laini kama vumbi la unga hupita na maji.

Maabara hufanya kwa moto. Kwanza huchukua mchanga kutoka pande nyingi za lundo, juu, chini na katikati, kwa sababu mchanga wa upande mmoja waweza kudanganya. Huusaga uwe kama unga wa sembe. Hupima kiasi kidogo, huchanganya na unga wenye risasi pamoja na dawa za kuyeyusha mawe, na kutia vyote katika tanuru lenye joto la kadiri ya digrii 1,000 au zaidi. Mawe huyeyuka yakawa kama kioo. Risasi huzama chini, nayo katika kuzama huikusanya dhahabu yote, kama mama anavyokusanya watoto kwenda nyumbani.

Kidonge hicho cha risasi hutiwa katika kikombe kidogo kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa, kikarudishwa motoni. Majivu hunywa risasi, lakini hayanywi dhahabu wala fedha. Mwisho hubaki tone dogo linalong'aa. Fedha iliyomo huondolewa kwa tindikali, na dhahabu iliyobaki huwekwa juu ya mizani nyepesi mno. Namba inayosomwa hapo ndiyo inayoandikwa katika karatasi.

Kwa kipande cha dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa kuna njia nyingine ya zamani, nayo ni ya maji. Yasimuliwa kwamba Archimedes, mwenye maarifa wa Wagiriki aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliulizwa na mfalme kama taji lake ni dhahabu tupu au limechanganywa na fedha. Akatambua kwamba maji yangemjibu. Dhahabu ni nzito mara 19 na zaidi kuliko maji ya ujazo ule ule, na fedha ni nzito mara 10 na nusu tu. Chukueni dhahabu safi ya gramu 193. Ipimeni ikiwa imening'inizwa ndani ya maji, nanyi mtaona uzito wake umepungua gramu 10. Fedha ya gramu 193 hupungua gramu 18 na kitu. Kipande kikipungua zaidi ya inavyopasa, kina mchanganyiko. Wanunuzi wa dhahabu hutumia kanuni hii mpaka leo.

Mwaona basi kwamba hakuna uganga hapa. Ni moto, maji, mizani na kuandika.

Mizani ya pamba

Sasa tutoke kidogo katika dhahabu twende katika pamba, maana Wasukuma walijifunza habari ya mizani katika pamba kabla wengi wao hawajauza dhahabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ililimwa sana katika Jimbo la Ziwa, Shinyanga ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Mkulima alileta mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akaupima kwa mizani yake mwenyewe, akataja ratili, akalipa. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba mizani husema pungufu. Lakini mtu angesemaje, naye hawezi kusoma sahani ya mizani wala hana mizani ya pili?

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma mizani, ili pamba ipimwe mara moja na mtu wa upande wao kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Hawakupiga mtu wala kuvunja duka. Walileta mizani ya pili na daftari. Kutokana na mwendo huo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani, ambaye baadaye akawa Waziri wa Fedha katika nchi iliyo huru. Shirikisho hilo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa katika Afrika.

Mwaka 1968 Serikali pamoja na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa minne ya kando ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Watu walifundishwa kusoma kwa habari za kazi zao, na pamba ilikuwa mojawapo. Darasa lenu la leo ni mjukuu wa madarasa yale.

Mchanga wa Kahama

Turudi katika dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966. Mgodi mpya ulianza mwaka 2000. Katika wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Sehemu ya mali ya migodi hii miwili ya Kahama ilisafirishwa nje ikiwa mchanga uliokolezwa madini, wenye dhahabu, shaba na fedha, ambao wananchi walizoea kuuita makinikia.

Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha mchanga huo. Makontena 277 yalikuwa yamezuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Rais John Magufuli aliunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ili wapime kilichomo. Mwezi wa Mei kamati ilisema kwamba, kwa wastani, kila tani ya mchanga ilikuwa na gramu 1,400 za dhahabu. Hati za kampuni zilionyesha kadiri ya gramu 200 kwa tani.

Chukueni kalamu. Kontena moja lilihesabiwa kuwa na tani 20. Makontena 277 mara tani 20 ni tani 5,540. Mkizidisha kwa gramu 1,400 mnapata gramu 7,756,000, yaani karibu tani 7.8 za dhahabu. Mkizidisha kwa gramu 200 mnapata gramu 1,108,000, yaani tani 1.1 hivi. Mchanga ni uleule, makontena ni yaleyale, lakini vipimo viwili vimepishana mara saba.

Kampuni ilizikataa hesabu za kamati. Mimi si hakimu wa shauri lile, wala somo hili si la kulihukumu. Mazungumzo yalichukua muda mrefu. Mwishowe, Januari 2020, Serikali na kampuni ya Barrick zilitia sahihi mapatano ya kuunda kampuni ya pamoja, Twiga, ambayo Serikali ilipata hisa za asilimia 16. Ninalotaka mlione ni hili: taifa zima lilijikuta mahali alipokuwa yule mkulima wa pamba. Swali lilikuwa lilelile la mwaka 1950: nani ameshika mizani, na nani wa upande wetu anayeweza kuisoma?

Mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na Geita ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kupata soko lake, ili mchimbaji mdogo auze mahali panapojulikana, mbele ya watu wa Serikali. Hilo ni jambo jema. Lakini mizani ya soko nayo huandika namba. Namba haimfai mtu asiyeweza kuisoma.

Kupima na kupimiwa

Sasa tazameni jinsi lugha yetu ilivyo na akili. Kitenzi ni kimoja, pima. Ongezeni kiungo kidogo, kinakuwa pimia: kumpimia mtu. Ongezeni kingine, kinakuwa pimiwa. Anayepima ndiye atendaye. Anayepimiwa husimama kando na kungoja aambiwe. Tofauti ni herufi mbili tu, nazo zaweza kula mavuno ya mwaka mzima.

Sisemi kwamba kupimiwa ni kubaya. Sote twapimiwa: dukani, hospitalini, maabara. Hatuwezi kila mtu kuwa na tanuru nyumbani. Lakini mwenye kusoma hupimiwa akiwa macho wazi. Aweza kuuliza, “Mchanga umechotwa pande ngapi za lundo? Gramu ngapi kwa tani? Wakia hii ni ya gramu 28, au ni ile ya dhahabu ya gramu 31?” Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimalize habari ya yule mama. Kikundi chao kilipokuwa na lundo jingine, walipeleka mchanga maabara wao wenyewe, na karatasi ilipokuja, yeye ndiye aliyeisoma kwa sauti mbele ya wenzake wote. Namba ilikuwa 2. Hawakuficha wala hawakununa. Walijua mchanga wao safari hii ni maskini, wakauza kwa bei ya mchanga maskini. Aliniambia kwamba zamani, kila lundo lilipouzwa kwa bei ndogo, watu walimtazama yeye mtunza fedha kwa jicho la pembeni, na maneno yalizagaa usiku kucha. Safari hii hapakuwa na maneno. Ile fitina ya zamani ya moto, inayotenga dhahabu na takataka, iliizima fitina ya watu.

Maneno ya kuandika ubaoni

pima, pimia, pimiwa, mizani, karati, wakia, mtihani, maabara, gramu kwa tani.

Hesabu na maswali ya kuzungumza darasani

1. Lundo la tani 25 lina gramu 4 za dhahabu kwa kila tani. Lundo zima lina gramu ngapi?

2. Kipande cha dhahabu cha gramu 10 kina usafi wa asilimia 85. Dhahabu safi iliyomo ni gramu ngapi?

3. Kwa nini wakulima wa pamba waliona heri kuleta mizani ya pili kuliko kugombana na mnunuzi?

4. Kwa nini haitoshi kuchota mchanga wa upande mmoja wa lundo?

5. Je, katika kijiji chenu ni vitu gani mnavyopimiwa ambavyo hamjawahi kuviuliza?

6. Andika insha fupi, sentensi kumi tu, juu ya siku uliyopimiwa jambo bila kuelewa. Usiogope makosa. Mmekwisha kusikia kwamba jina la Kiingereza la andiko la namna hii maana yake ni kujaribu. Mwalimu wako atalisahihisha, nawe utaliandika tena.

Nawatakieni masomo mema. Kwaherini mpaka juma lijalo.